Risasi Iliyobaki Ndani

Nuru mwanangu,

Umeondoka saa nne hii kwenda kusukwa kwa yule dada Mkongomani wa ghorofa ya saba, na nikiyajua maneno yake marefu, hutarudi kabla ya alasiri. Ndiyo nafasi niliyoipata. Simu nimezima, wakala wa kago nimemwambia aje keshokutwa, mlango nimeutia komeo. Kesho saa kama hizi utakuwa angani. Basi ama niandike sasa, ama ninyamaze kama nilivyozoea.

Habari za sanduku sikuandikii. Kilo zako umezipima mara tatu, pasipoti iko, dawa ziko. Kupika unajua, kuswali unajua, na Nairobi ya siku hizi unaijua kuliko mimi. Msichana aliyemkemea laoban mzima kule soko la ngozi, mpaka yule bosi akashusha bei huku amejiinamia, nimfundishe nini mimi? Nina jambo moja tu, nalo ni la bastola.

Jumapili tulipokuwa tunakula wali pale chini, ulinionyesha picha kwenye simu. Umevaa vile vifuniko vya masikio, umeshika bastola kwa mikono miwili, meno yote nje. "Mama, mtizame mwanao!" Nikasema mashallah. Wenzetu pale mezani wakapiga makofi. Unajua mimi nilikuwa natazama nini? Kidole chako. Kilikuwa kwenye triga, na uso umeugeuza kumchekea anayekupiga picha. Alisimama wapi mtu huyo, Nuru? Alikuwa mbele yako, kushoto kidogo, maana pua yako yote inaonekana. Wali ule sikuumaliza, ukadhani sina hamu kwa sababu unaondoka.

Kisha ukaniambia kibali cha bastola kimetoka, ile miezi sita uliyokuwa Nairobi kutafuta duka ulikishughulikia kimyakimya, na ukifika tu unakwenda kuichukua. Na ukanisomea ulichoandika kwenye fomu pale walipouliza sababu: kwamba mamako mdogo Dija alipigwa risasi na majambazi akalemaa mguu, na wewe unakwenda kuishi naye, wanawake wawili peke yao. Ulisema kwa fahari. "Safari hii wakija, watanikuta."

Hawakuja, mwanangu. Hakukuwa na majambazi. Dija nilimpiga mimi.

Nimeliandika. Nimeinuka, nimekwenda dirishani, nimewatazama watu wanavyovuta marobota huko chini mtaani Xiaobei, hapa Guangzhou, nimerudi, na neno bado liko pale pale kwenye karatasi. Haya, sasa nilieleze lote. Nikikwambia nusu, nusu iliyobaki utaijaza mwenyewe kwa kunihurumia, na sitaki.

Wakati ule duka langu la mikoba na viatu lilikuwa Nairobi, babako ameshatuacha, wewe una miaka minane. Dija alikuwa amekuja kutoka Mombasa kusomea uuguzi na kunisaidia nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameshachumbiwa. Duka la jirani likavunjwa mchana kweupe na mwenyewe akapigwa rungu la kichwa. Nikaomba kibali, nikapewa, nikanunua bastola. Nisikudanganye: niliipenda. Nilipita mjini na buibui langu, mkoba begani, najua mna nini ndani, na wanaume wote nikawaona watoto. Jumapili uliponieleza ulivyojisikia ukiishika, mgongo umenyooka, nilikuelewa vizuri sana. Ndiyo maana niliogopa.

Niliiweka mkobani, imeviringwa leso, pamoja na funguo za duka, kitana na peremende zako. Ndiyo, zako. Ulikuwa na mazoea ya kutia mkono bila kuuliza. Siku moja nilikukuta umekaa kitandani na mkoba miguuni, zipu umeshaifungua. Nilikuchapa, nikakuita mwizi, ukalia mpaka ukapitiwa na usingizi. Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Sikuihamisha bastola. Nilihamisha peremende.

Uwanja wa shabaha, huo mnaouita renji, nilikwenda mara nne tu. Mwalimu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mkali, hacheki na mtu. Kwa sisi tuliofika na silaha tumezificha, alikuwa na sharti moja: ikae hapo hapo ilipo. Usiitoe kwenye maegesho ya magari, usiitoe kwenye benchi la kungojea, usimwonyeshe mwenzio. Utaitoa ukishasimama kwenye mstari, naye amekupa ruhusa, na mdomo wa bastola unatazama lile tuta la mchanga na si kwingine. Watu wakivuka mbele kwenda kuangalia karatasi zao za shabaha, mikono ya kila mtu iwe mbali na silaha, hata kuipangusa vumbi hapana. Mimi siku ya nne, nimekaa benchini, nikaitoa mkobani nimwonyeshe mwanamke mwenzangu kitako chake cha rangi ya maziwa. Mwalimu akanidaka kifundo cha mkono mbele za watu. "Mama, rudisha! Unataka kutuua?"

Lo, nilivyokasirika! Nikasema huyu hapendi tu kuona mwanamke ana silaha. Niliondoka na sikurudi tena, nikawa nasimulia kila penye watu jinsi nilivyodhalilishwa. Wewe pia nilikusimulia ulipokuwa mkubwa, ukamtukana kwa niaba yangu. Mzee wa watu alikuwa ananiokoa, nami nilimchafulia jina kwa miaka.

Ikapita kama miezi mitatu, triga ikaanza kukwama. Nikaipeleka kwa aliyeniuzia, Bwana Jivan, Mhindi mmoja mtu mzima wa adabu zake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Dija nilimchukua kwa sababu tukitoka hapo tungepita kutazama vitambaa vya harusi yake. Mlangoni paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwenye silaha asiitoe, aseme kwanza. Pembeni palikuwa na pipa la mchanga. Ukishasema, unapelekwa hapo, unaelekeza mdomo mchangani na unatoa risasi zote mwenye duka akikutazama. Na ukitaka haki yenyewe, silaha ya kutengenezwa inatakiwa itoke nyumbani ikiwa tupu, ndani ya kasha lake. Hayo yote nilikuwa nayajua. Asikwambie mtu kwamba mamako hakujua.

Lakini mle ndani walikuwemo wanaume wanne, wakanigeukia. Mwanamke wa buibui katika duka la bunduki! Mmoja akacheka, au nilidhani amecheka. Nikaona haya kwenda kwenye pipa na kuhangaika mbele yao. Basi nikakaa benchini kando ya Dija, nikatia mikono miwili mkobani, chini ya buibui, nikaitoa magazini, kile kisanduku cha risasi, kwa kupapasa, ndani ya leso, bila kutazama. Nikajiona hodari. Nikaenda mezani, nikaitoa bastola.

Bwana Jivan akainua mikono. "Dada, weka chini, mdomo ukutani. Nitazame mwenyewe."

"Usihofu," nikamwambia. "Iko tupu. Bastola yangu naijua."

Nikataka kumwonyesha triga inavyokwama. Na kwa adabu tulizolelewa nazo, sikumwelekezea yeye. Ningemwelekezeaje mtu mzima bastola kifuani, dukani kwake? Nikaigeuza pembeni. Pembeni ndiko lilikokuwa benchi.

Magazini inatoka, Nuru, na risasi moja inabaki ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, kama ulishaikoki bastola. Mimi nilikuwa nimeikoki juzi yake, niliposikia paka juu ya bati, na nikasahau. Mlio wake sitaueleza. Dija hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada?" kama mtu aliyeitwa na hakusikia vizuri. Halafu akatazama paja lake.

Sasa njoo kwenye lililo baya zaidi, maana kumpiga ilikuwa ajali ya upumbavu, lakini yaliyofuata niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu. Wale wanaume walitoweka, kila mmoja na silaha yake na woga wake. Bwana Jivan alikuwa anasema tu, "Leseni yangu, leseni yangu." Mimi nikawaza jela, nikakuwaza wewe, naam, lakini nilijiwaza mimi kwanza. Tulimbeba mpaka kwenye gari, na kabla hatujafika hospitali nilishatunga kila kitu: tulisimamishwa, walikuwa wawili, walitaka mkoba. Askari alipokuja kuandika maelezo, Dija alikuwa ndiyo kwanza ametolewa chumba cha upasuaji, midomo imemkauka. Nilisimama nyuma ya askari. Dija akanitazama, kisha akasema, "Walikuwa wawili. Sura sikuziona."

Sikumwomba aseme vile. Alinisikia garini nilipokuwa natunga, akaushika uongo wangu na kuutia mdomoni mwake. Mtoto wa miaka kumi na tisa. Na mimi nilipumua, Nuru. Nilipumua kwa raha pale nyuma ya askari, na mpaka leo nikikumbuka pumzi ile najichukia.

Mfupa wa paja uliunga vibaya, mguu ukawa mfupi, goti halikunjiki. Anaswali juu ya kiti tangu siku ile. Wakwe watarajiwa walikuja kumpa pole mara mbili, mara ya tatu wakatuma mtu kusema maneno mazuri, na harusi ikaishia hapo. Uuguzi wa kusimama kutwa nzima haukuwezekana tena. Familia ikawalaani majambazi kwenye kila msiba na kila arusi, hadithi ikatiwa chumvi, wawili wakawa watatu, mmoja akapata kovu usoni. Nami nimekaa mkekani naitikia. Wewe ulikulia ndani ya hadithi hiyo kama mtu anavyokulia ndani ya nyumba.

Watu husema nilikuja Guangzhou kufuata biashara. Biashara ilikuwapo, sikatai, lakini nilikuwa naukimbia ule mguu. Bastola niliirudisha polisi, duka nikaliuza, nikasema nakwenda kutafuta. Yale maboksi chini ya kitanda changu uliyoniuliza mara kadhaa, ukidhani ni viatu vilivyokataliwa na wateja, ni vya Dija. Nilitaka atengenezewe jozi moja tu, cha kushoto kisigino kimezidi. Laoban akaniambia meiyou, hakuna, kiwanda hakiwashi mashine kwa jozi moja. Nikamsihi mpaka akakubali jozi ishirini na nne. Kila mwaka nampelekea jozi moja, naye anasema ahsante dada, wanibembeleza. Wallahi heri angenitupia usoni.

Unakumbuka yule kijana wa kwetu aliyenilenga na kiberiti cha gesi cha umbo la bastola, pale kwenye jengo la maduka ya jumla, akicheka? Nikampigia ukelele mpaka walinzi wakaja, nikamchania na fulana. Ulinionea aibu, ukasema mama unatuvunjia heshima mbele ya Wachina. Sasa unajua. Miaka yote niliyokaa katika mji huu, bunduki ya kweli nimeiona mikononi mwa walinzi wa magari ya benki tu, na hata hao nikiwaona navuka barabara.

Na ule mkoba ulioniagiza, wenye mfuko wa siri pembeni wa kutia bastola. Nilikwambia laoban amekataa. Mwongo ni mimi, sikumwuliza hata kidogo. Mwanamke huuweka mkoba chini, Nuru. Huuacha kwenye kiti cha saluni, humpa shoga amshikie, huutupa kitandani penye watoto. Ukikaidi ukabeba, basi iwe mwilini mwako, ndani ya ala inayofunika triga yote, na isichanganywe na funguo wala kitana wala kitu chochote.

Mimi sina uso wa kumfundisha mtu, lakini nani mwingine atakwambia kwa uchungu huu? Ile picha ifute. Kidole kikae ubavuni, kimenyooka, mpaka umeshaamua kupiga, na picha si sababu ya kupiga. Mwalimu akikupigia kelele renji, mshukuru na urudi wiki inayofuata, hata kama umeaibika mpaka masikio yamewaka. Dukani usiitoe kujionyesha. Sema, "Nina silaha," kisha ngoja uambiwe la kufanya. Wakikutazama wanaume, waache wakutazame. Kawia. Toa magazini, halafu rudisha kile chuma cha juu nyuma, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha tia ncha ya kidole kidogo uguse uwazi wenyewe. Ukimaliza, fanya tena. Na hata ukishafanya mara mbili, usimwelekezee mtu, wala ukuta ambao hujui nyuma yake kuna nani. Neno "iko tupu" usilitamke maishani mwako. Mpe mwenzio atazame, na wewe nyamaza.

Ningeishia hapo, ningekuwa mama mwenye busara. Lakini kuna simu.

Jumatatu, siku moja tu baada ya wewe kunionyesha picha, Dija alinipigia. Kwa kawaida nampigia mimi. Hatukuulizana hali kwa urefu.

"Dada, Nuru ameniambia analeta bastola hapa nyumbani. Anasema anailetea kwa ajili yangu."

"Nimesikia," nikamwambia.

"Basi umwambie wewe, au nimwambie mimi?"

Nikaanza maneno yangu. Nikasema subiri kidogo, nikasema mtoto anasafiri, nikasema atanichukia. Aliniacha nimalize yote. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, "Uongo wako nimelala nao miaka yote hii, dada. Bastola siwezi kulala nayo."

Ndilo ombi la kwanza aliloniomba tangu siku ile. Hata gongo la kutembelea hakuniomba, nilimpelekea mwenyewe. Na hata ombi hilo nilitaka kulikwepa. Jumanne nilijiambia nitakwambia ukiwa umeshafika. Jana nikajiambia pengine utaghairi mwenyewe. Ndivyo nilivyo, mwanangu, ujue umezaliwa na mtu wa namna gani.

Kwa hivyo nakuomba, usiichukue. Ile fomu uliijaza kwa nia safi, lakini sababu iliyo ndani yake ni uongo wangu, na kuanzia leo unaijua. Irudishe ofisini, uwaambie haikuwa kweli. Wakikuuliza ni nani basi aliyempiga, wape jina langu kamili na anwani ya hapa. Wakiniita nitakwenda. Nina miaka hamsini na mbili, jela sasa naiogopa kidogo kuliko zamani. Ukiamua kuichukua, wewe ni mtu mzima na kibali ni chako, siwezi kukufunga mikono kutoka huku. Lakini kwa Dija usiilaze hata siku moja. Tafuta chumba chako.

Na ukifika, usimkumbatie ukamlilia na kumwombea msamaha mamako. Huo ni mzigo wangu, nimeshakata tiketi ya mwezi ujao, nitakwenda kukaa mbele yake nimwambie neno ambalo sijapata kumwambia. Miaka kumi na minne nimempelekea viatu, na "nisamehe" sijaitamka. Unaweza kuamini hilo? Mimi mwenyewe nikiliandika naona kama nasoma habari za mwanamke mwingine, mtu mbaya wa mtaa wa pili.

Barua hii sikutilii sandukuni uikute Nairobi, nikawa mbali na salama. Nitakupa mkononi ukirudi, na nywele zako mpya, nami nitakaa kwenye kiti kile karibu na mlango mpaka uimalize. Usiniambie yamepita. Usiniambie ilikuwa ajali. Hayo nimejiambia sana, na hayajanisaidia kitu. Dija hajanitamkia neno baya hata moja, na mwingine aliyejua wa kunigombeza hakuwepo. Sasa wewe unajua. Ukifika mwisho wa ukurasa huu, inua uso wako unigombeze.

Mamako